Chupa ya Shahidi

Maji ya Shahidi hayana harufu. Hiyo ndiyo kazi yake, na ndiyo sababu pekee ya kuwekwa pale mezani. Kwa hiyo asubuhi ile Chiriku alipofungua kifuniko akapigwa na harufu ya grisi iliyochanganyika na sabuni ya kipande, alikirudisha haraka, akatazama mlango, kisha akafungua tena na kunusa kwa makini, kama mtu aliyeambiwa chungu kimeungua na hataki kuamini. Ilikuwa ile ile. Ni harufu aliyolala nayo miaka yote ya ndoa yake, na hakuwa ameisikia tena tangu mumewe alipoanguka baharini.

Chiriku alikuwa fundi wa maabara. Ofisi yao ilichunguza korongo lililo chini ya bahari, bonde refu lenye kuta kali, linaloanzia karibu na ufukwe na kuteremka hadi kwenye giza ambalo jua halijapata kulifikia. Hawakuhitaji kumvua samaki hata mmoja. Kila kinachoishi majini huacha kitu nyuma yake, ute, magamba, choo, na ndani ya mabaki hayo mna vinasaba vyake, alama yake mwenyewe. Meli huteremsha chupa, chupa huleta maji, Chiriku huyachuja kwa pampu, na karatasi ya chujio hupelekwa kwenye mashine ambayo humwambia Daktari nani alipita pale na nani alimla nani. Ngisi kamla kamba, papa kamla ngisi, na wote wakifa huliwa na vijidudu vya topeni.

"Kule chini ni kama harusi isiyo na kadi," Daktari alipenda kusema. Alikuwa mwanamke mdogo kuliko Chiriku, mcheshi, mkubwa wake wa kazi. "Kila mtu anakula, na hakuna anayejua amealikwa na nani."

Pembeni ya chupa za korongo ilisimama siku zote chupa moja ya maji matupu, yaliyosafishwa mpaka yakabaki maji tu. Nayo ilichujwa vile vile, kwa mikono ile ile na pampu ile ile. Ikionekana ina alama ya kiumbe chochote, maana yake uchafu umeingia, na kazi yote ya siku hiyo ni ya kutupwa. Ndiyo maana waliiita Shahidi. Mbele yake mtu huvaa glovu na barakoa, na hafungui mdomo. Tone moja la mate linatosha kuharibu safari nzima ya meli.

Sasa mpe kazi hiyo mtu aliyeitwa Chiriku kwa sababu ya mdomo. Aliyembandika jina ni mumewe mwenyewe, wiki ya kwanza walipojuana, na ofisi nzima ikalidaka. Mume huyo alikuwa fundi winchi melini, yule anayeteremsha chupa na kuzivuta. Siku moja bahari imechafuka, waya ukakatika ukamzoa. Meli ilizunguka pale juu ya korongo mpaka mafuta yakakaribia kwisha, na hawakupata hata kiatu. Chiriku hakuwa na kaburi la kwenda kukaa. Hakuwa na mtoto. Alichobakiwa nacho ni yale anayoyakumbuka, na alikuwa akiyatunza kama mtu anayetembea na yai mfukoni.

Nyumbani, ghorofa ya tatu, vyumba viwili, walibaki yeye na mama mkwe wake. Mama alikuwa mzee, anasikia kwa sikio moja, analala mapema, na hakuwa na neno baya kwa mtu. Wageni wa msiba walikuja wakaisha kama wanavyoisha. Baada ya hapo ilikuwa ni Chiriku kufungua mlango, "Shikamoo, mama," "Marahaba, mwanangu, umerudi," na kimya mpaka asubuhi. Mtu aliyezoea kusema kutwa alijikuta anamsimulia mwiko. Alikuwa mpweke, na hakuona haya kulikiri, ila hakuwa na wa kumkiria.

Kitu kimoja alikuwa akimletea mama kila siku: maji. Tumbo la mama halikupatana na maji ya bomba. Dumu la maji masafi ya maabara likishafunguliwa haliruhusiwi kutumika kesho yake, kwa hiyo yanayobaki humwagwa, na kabla hayajamwagwa wafanyakazi huyagawana. Mmoja hutia kwenye betri ya gari, mwingine kwenye pasi. Chiriku alikuwa akiondoka na dumu lake mkononi, na mlinzi wa getini akimtania kwamba sasa anaiba hata mvua.

Siku ya ile harufu alikuwa peke yake katika chumba cha baridi, chumba kisicho na dirisha, ambacho mchana na usiku vyake ni taa moja nyeupe. Chupa ya korongo ilikuwa wazi, Shahidi yu wazi, na dumu ambalo Shahidi hujazwa kutoka humo nalo liko wazi chini ya meza. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe. Akaishusha barakoa mpaka kidevuni.

"Ni wewe?" akanong'ona.

Pampu ilikuwa inanyonya, inakoroma kama kawaida yake. Lakini mdomo ukishafunguka baada ya kufungwa muda mrefu, kuufunga tena ni kazi. Alijikuta anasimulia. Alianza na habari ya godoro, kwa sababu hiyo ilikuwa yao wawili na hakuna mwingine aliyewahi kuisikia.

"Siku ile ninahamia pale ghorofani," akasema kwa sauti ya chini, "umeme umekatika, na wewe umejitia ubabe kunibebea godoro. Kufika kituo cha pili cha ngazi, pumzi zimekwisha. Ukalitupa chini, ukalikalia gizani, ukaniambia, 'Godoro hili zito. Bora nihamie nalo.' Nikacheka mpaka nikakaa na mimi. Tukaapizana tusimwambie mtu, maana kwa wazee posa ilikuja baadaye na heshima zake zote, na wangejua ile ya kwanza ilifanyika gizani juu ya godoro, tungeitwa wahuni."

Alifuta macho kwa mkono wa koti. Pampu ikakohoa mara moja, ikanyamaza, na kutoka kwenye maji, kwa sauti ya mtu anayeongea huku amelala kifudifudi, ikaja:

"Chiri."

Watu wote walimwita Chiriku. Chiri ilikuwa ya mtu mmoja tu, na ya chumbani tu.

Angekimbia, hadithi ingeishia hapo. Hakukimbia. Mtu aliyekaa na njaa siku nyingi haulizi chakula kimepikwa na nani. Alivuta kigoda akakaa, na tangu siku ile kazi yake ikawa na raha ambayo hakuwahi kuijua. Kila Daktari alipotoka kwenda ofisini kwake, barakoa ilishuka. Sauti haikusema mengi. Ilisema "Nisimulie," naye akasimulia: namna alivyokuwa akikata kucha kwa kisu, ugomvi wa pazia la njano, homa iliyomlaza wiki nzima akililia uji kama mtoto, kicheko chake kile cha kuvuta pumzi juu kama anayetaka kupiga chafya. Na kila alichokisimulia, sauti ilizidi kuwa ya mumewe. Mwanzo ilikuwa ya majimaji. Baadaye ilikuwa na kigugumizi chake kidogo kwenye herufi ya kwanza, mpaka ile pumzi ya kabla ya kucheka.

Daktari alimwona amenawiri. "Chiriku, au kuna mtu?" akamtania.

"Kuna maji tu, Daktari," akajibu, na wote wakacheka.

Jioni moja mama alikuwa amekaa mkekani, glasi mkononi. Siku hizo alikuwa akinywa sana. "Haya maji yako matamu, mwanangu," alisema, akajimiminia tena. "Nilikuwa namwaza mwanangu. Kile kicheko chake. Hebu nikumbushe, kilikuwaje vile?"

Chiriku alifungua mdomo kumwigizia, na hakuna kilichotoka. Alijaribu tena. Alijua palikuwa na kicheko. Alikumbuka hata siku alipokisimulia kule kwenye chumba cha baridi, kigoda alichokalia, na taa. Lakini kicheko chenyewe hakikuwepo, kama mfuko unaoukuta mlangoni na vitu vyake vimeondolewa.

Alikwenda chumbani akachukua picha ya harusi. Alimwona mwanamume mwenye suti pana kidogo mabegani, uso mwema. Akamtazama kwa muda mrefu, akajaribu kumkumbuka anakula, anavua viatu, anagombana. Kilichomjia ni lile wazo ambalo humjia mtu akitazama picha za nyumba ya watu: huyu naye ni nani wao? Ndipo hofu ilipoingia, na ikaingia yote kwa pamoja.

Kesho yake Daktari alimwita ofisini, akafunga mlango mwenyewe.

"Kaa kwanza," alisema. "Majibu ya mwezi huu yamefika. Shahidi ana mtu ndani."

"Ni mimi. Nilishusha barakoa. Nisamehe."

"Siyo wewe. Sote hapa tulipanguswa ndani ya shavu tukaandikishwa alama zetu, ili tujitoe kwenye majibu. Hata mabaharia." Daktari alishusha sauti ingawa walikuwa wawili. "Ni yeye, Chiriku. Ni marehemu. Nimerudia kupima mara mbili, na sikumwambia mtu."

Chiriku alishika ukingo wa meza. "Na kwenye maji ya korongo?"

"Hayumo. Lakini hilo lina sababu. Kule samaki wamejaa. Sokoni huwezi kumsikia mtu mmoja anayekohoa, chumba kitupu utamsikia. Yumo kule, amefunikwa na wengine tu. Tone limeruka kutoka chupa ya korongo likaingia kwa Shahidi, akaonekana. Uchafu unatoka kwenye kichafu kwenda kwenye kisafi. Haujawahi kurudi nyuma." Akamshika mkono. "Pole sana. Labda ni mifupa yake kule chini. Labda hata ni faraja."

Chiriku alikubali, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyowafundisha wengine.

Alirudi kwenye chumba cha baridi akiwa ameapa kutofungua mdomo. Alivaa barakoa mbili, akajaza Shahidi, akawasha pampu, akaanza kazi.

"Chiri. Nisimulie."

Aliendelea kuchuja. Pampu ikazimika yenyewe, na katika ukimya uliobaki alisikia friza nazo zinanyamaza moja baada ya nyingine, mpaka chumba kikawa hakina sauti kabisa isipokuwa ya maji yanayochezacheza ndani ya vyombo ambavyo hakuna aliyevigusa, na ile harufu ya grisi na sabuni ikapanda lakini safari hii chini yake palikuwa na harufu nyingine, ya tope bichi na kitu kilichooza mahali pasipo na hewa, ikamjia puani kupitia barakoa zote mbili, na kioo cha mlango kikafunikwa na mvuke, na taa ikafifia, na ile sauti, ambayo sasa ilikuwa ya mumewe mtupu, laini, ya mtu aliyerudi kazini akakuta chakula kipo tayari, ikamuuliza kitu ambacho mumewe alikuwa akimuuliza kila jioni na ambacho yeye, kwa kuwa alishakisimulia, hakukumbuka tena kama aliwahi kuulizwa:

"Na mama, hajambo?"

Alirudi nyuma mpaka mlangoni.

"Mama anakumbuka mengi," sauti ikasema. "Tangu nikiwa mchanga."

Hapo alielewa. Kazi yake yote ilikuwa kujua nani anamla nani, na alikuwa amekaa kigodani wiki nzima nzima akiliwa kijiko kwa kijiko, akifurahi. Na sahani yake ilipokaribia kwisha, mlaji alikuwa anatazama sahani nyingine. Kama mumewe alikuwa bado yupo mahali popote duniani, alikuwa kichwani mwa mama yake.

Mtaani kwao palikuwa na mama mmoja fundi cherehani, aliyeshona sare za shule na, kwa waliojua, aliwatoa watu majini. Chiriku alimkuta anakunja upindo, pini mdomoni, na alieleza yote akiwa amesimama. Fundi hakuinua macho mpaka alipomaliza mshono.

"Huyo si mumeo," alisema baada ya kutoa pini. "Jini hana sura. Anakula ya kwako ndipo anaivaa. Usimsimulie tena hata neno. Na maji aliyomo yarudi yalikotoka, kwa mkono wako."

"Nitayarudisha."

"Ni maji yapi?"

"Ya korongo."

Fundi alimtazama juu ya miwani. "Una hakika? Hawa hawapendi umati. Wanapenda patupu. Hutafuta mahali ambapo hapana mtu, wakakaa wao."

"Mama, hiyo ndiyo kazi yangu," Chiriku alisema, na kulikuwa na uchungu kidogo katika sauti yake, wa fundi anayefundishwa kazi na fundi mwingine. "Uchafu unatoka kwenye kichafu kwenda kwenye kisafi."

"Haya," akasema fundi, akarudi kwenye cherehani. "Wewe ndiye mwenye maji."

Daktari hakuuliza mengi. Alimpa nafasi kwenye safari iliyofuata, akidhani mjane anataka kuaga. Waliondoka asubuhi, mbingu ya kijivu, bahari imetulia. Fundi winchi mpya alikuwa kijana wa watu mwenye adabu, akasogea mbali ili asimwingilie. Chiriku alisimama ukingoni juu ya korongo na chupa zote za maji ya kule zilizokuwa zimebaki kwenye friza, zimeshayeyuka. Alikuwa amejiandaa kwa sauti, kwa kilio, kwa kubembelezwa. Chupa zilikuwa kimya kama chupa nyingine zozote. Alizimimina moja moja, na zilipokwisha alilia, ila hakujua vizuri anamlilia nani. Ni jambo la ajabu na la kuumiza kumlilia mtu usiyemjua.

Lakini kwenye chumba cha baridi kukawa kimya. Pampu ilikoroma, friza zikaunguruma, Shahidi hakuwa na harufu. Siku zikapita. Chiriku aliona kazi imekwisha, akajipa ruhusa ya kitu kimoja alichokuwa akikitamani. Jioni moja aliweka dumu la maji mezani, akavuta kigoda karibu na mkeka.

"Mama," alisema, "niambie habari zake. Nimesahau."

Mama hakushangaa. Alisema, na alisema vizuri. Alisimulia mtoto aliyezaliwa miguu kwanza, kijana aliyeuza baiskeli ya baba yake akanunua redio. Kila jioni hadithi mpya. Mama alikuwa ameanza kusahau mambo mengine, jina la dada yake, dawa zake, hata mlango wa choo ni upi, na Chiriku alijiambia ni uzee. Ya mwanawe aliyatoa kama mtu anayesoma. Chiriku alikaa chini akimsikiliza mumewe anatengenezwa upya kipande kwa kipande, na nyumba haikuwa kimya tena, naye alikuwa akipanda ngazi mbili mbili kurudi.

Mpaka jioni ile mama alipokunywa glasi yake, akapangusa mdomo, akaanza hivi:

"Siku unahamia, umeme ulikuwa umekatika. Akajitia ubabe kulibeba godoro. Kufika kituo cha pili cha ngazi, pumzi zimekwisha. Akalitupa chini, akalikalia gizani. 'Godoro hili zito,' akakwambia. 'Bora nihamie nalo.'"

Na mama akacheka, akivuta pumzi juu kama anayetaka kupiga chafya.

Chiriku alicheka naye, kwa kuwa ilikuwa hadithi nzuri na alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza. Kisha kicheko kikakatika. Gizani, kwenye ngazi, juu ya godoro. Hapo walikuwepo watu wawili tu. Mmoja alizama, na mwingine amesahau. Basi ni nani anayesimulia?

Alitazama glasi. Alitazama dumu, lile ambalo alikuwa akilileta kwa mkono wake mwenyewe kila siku, lililokaa wazi chini ya meza kila alipoongea, maji matupu yasiyo na kitu ndani yake, na akamsikia tena yule mama fundi anauliza, ni maji yapi? Chumba kilinuka grisi na sabuni. Macho ya mama yalikuwa yamemtulia usoni, na ndani yake hapakuwa na mwanamke mzee hata kidogo, au palikuwa naye kidogo sana, mbali, kama mtu anayeonekana kwenye dirisha la jengo la ng'ambo.

"Chiri," mama alisema kwa upole.

Dumu lilikuwa karibu na mkono wake. Cherehani ilikuwa bado inasikika kule chini mtaani, fundi hajafunga. Ngazi ni chache. Chiriku aliyajua yote hayo. Alijua pia kwamba nyuma ya mlango wa chumba kile cha pili kulikuwa na kitanda, picha ya mtu asiyemjua, na kimya mpaka asubuhi.

Alinyanyua dumu, akajaza glasi mpaka juu, akamsogezea mama. Kisha akakivuta kigoda mpaka magoti yao yakagusana.

"Endelea," akasema. "Mimi nikajibu nini?"